Mafunzo Endelevu ya Madaktari Mtandaoni: Yanamhusu Nini Mgonjwa?

Shahada ya udaktari haizeeki, bali elimu iliyomo ndani yake huzeeka. Daktari aliyehitimu Tanzania Bara mwaka 2000 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 dawa hiyo iliondolewa kwa sababu vimelea vilikuwa vimejenga usugu, na nafasi yake ikachukuliwa na SP. Mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Ndani ya miaka kumi, alichojifunza chuoni kilibadilika mara tatu.

Mwongozo wa tiba ni nini?

Ni maelekezo yanayoandaliwa na jopo la wataalamu baada ya kuchambua tafiti. Hueleza kipimo gani kifanyike, dawa ipi itangulie na wakati wa kumpa mgonjwa rufaa. Mafunzo endelevu humfikishia mabadiliko hayo daktari aliyeko kazini. Yanapotolewa mtandaoni, daktari wa hospitali ya wilaya iliyo mbali na mji hujifunza bila kuwaacha wagonjwa wake. Husoma somo, huchambua mfano wa mgonjwa na hujibu maswali, kisha hupata alama zinazohesabiwa anapohuisha leseni.

Tahadhari

Si kila kozi ina uzito sawa. Nyingine hulipiwa na kampuni inayouza dawa ileile inayozungumzwa. Ufadhili peke yake si kosa, lakini ni lazima utajwe wazi, na maudhui yaandaliwe na wasio na maslahi katika mauzo. Aidha, cheti huthibitisha kwamba somo limekamilika. Hakithibitishi kwamba utendaji umebadilika.

Wajibu na haki yako

Daktari aliyejifunza vyema anaweza kukwamishwa na mgonjwa asiyekubali majibu. Kipimo kikionesha kwamba mtoto hana malaria, usishinikize aandikiwe dawa mseto. Huenda homa hiyo inatokana na nimonia, na kila siku inayopotea kwa dawa isiyohusika humweka mtoto hatarini. Badala yake, uliza:

- Kama si malaria, homa hii inasababishwa na nini?
- Je, dawa hii ndiyo inayopendekezwa na mwongozo wa taifa? Kama sivyo, kwa nini umeichagua?
- Ni dalili zipi zikitokea nirudi haraka?

Daktari anaweza kuwa na sababu njema ya kutofuata mwongozo, kwa mfano mzio au ujauzito. Hata hivyo, una haki ya kuelezwa sababu hiyo kwa lugha unayoielewa.

Ukiwa na shaka kuhusu usajili wa daktari, au ukiwa na malalamiko kuhusu mwenendo wake wa kitaaluma, wasiliana na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hifadhi risiti, cheti cha dawa na majibu ya vipimo, kwani ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako.