Mvulana Akichelewa Kubalehe, Apimwe Kabla ya Kuchomwa Sindano

Katika shule yoyote ya sekondari ya Butembo au Beni, huku Kivu Kaskazini, hawakosekani wavulana wawili watatu ambao mwalimu huwaketisha mbele, maana wakikaa nyuma hawaoni ubao. Wenzao sauti zimeshakwaruza na kuwa nzito, mabega yamepanuka, ndevu zinachomoza. Wao bado wana mwili na sauti ya mtoto wa shule ya msingi. Huitwa kadogo. Wakati wa kuoga hujitenga. Timu ya mtaa ikipangwa, majina yao husomwa mwisho au hayasomwi kabisa. Nyumbani mashangazi huanza kunong'ona kwamba mtoto amelogwa, na baba, bila kumwambia mtu, huingia duka la dawa kuuliza bei ya sindano ya kumfanya mwanawe awe mwanaume.

Mzazi mwenye kijana wa namna hii, nakusihi uiache kwanza hiyo sindano. Mpeleke kituo cha afya apimwe kimo, uzito na ukubwa wa korodani, yaandikwe, na baada ya miezi sita apimwe tena. Vipimo hivyo vitatu havitaki umeme wala maabara, na mara nyingi vinamwambia daktari zaidi ya damu iliyotolewa kwa haraka.

Kubalehe huanzia kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo miaka ya utoto hukaa kimya. Muda ukifika, huanza kutoa homoni kwa vipindi, kwanza usiku mtoto akiwa amelala. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo humwaga kwenye damu homoni mbili, LH na FSH, zinazosafiri hadi kwenye korodani. LH huziagiza korodani kutengeneza testosteroni. FSH huzikuza na kuziandaa kwa kazi ya mbegu. Mwaka 2003 watafiti wa Paris na wa Boston, kila kundi kwa njia yake, walichunguza familia ambazo baadhi ya watu wake hawakubalehe, wakakuta kasoro kwenye jeni ileile, inayohusika na kupokea ujumbe wa protini iitwayo kisipeptini. Chembe za ubongo zinazotoa kisipeptini hufuatilia hali ya mwili mzima: akiba ya mafuta ipo? Kuna ugonjwa wa muda mrefu? Mwili wenye njaa au homa zisizoisha huahirisha balehe, kwa sababu kukua kunahitaji chakula kingi ambacho hauna.

Wazazi wengi hungoja ndevu, na ndevu huja karibu mwisho. Dalili ya kwanza kwa mvulana ni korodani kuongezeka ukubwa, jambo ambalo hakuna anayeliona isipokuwa yeye mwenyewe. Kisha huja nywele za sehemu za siri, uume hukua, mwili hurefuka kwa kasi, sauti hubadilika. Kwa kawaida mwanzo huo huwa kati ya miaka 9 na 14. Mvulana akitimiza miaka 14 bila korodani kukua, hapo ndipo madaktari husema balehe imechelewa. Mwaka 1966 daktari wa Zurich, Andrea Prader, alitunga kifaa ambacho bado kinatumika dunia nzima: ushanga wa vipande 12 vya umbo la yai, kuanzia mililita 1 hadi 25. Daktari hupapasa korodani kwa mkono mmoja na ushanga kwa mkono mwingine, akilinganisha. Kipande cha mililita 4 kikilingana, balehe imeanza, hata kama uso ni laini kabisa. Pasipo na ushanga, rula ya mwanafunzi inatosha: korodani iliyozidi sentimita 2.5 kwa urefu imeshaanza kazi. Nimeona uso wa kijana ukibadilika palepale alipoambiwa kwamba yale aliyoyangoja yameshaanza mwilini mwake.

Lakini hesabu yote hii inategemea umri, na kwetu umri ni tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba ni robo tu ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano ambao uzazi wao ulikuwa umeandikishwa. Tangu mauaji yaanze katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia za Mbau, Oicha na Eringeti zimekimbia usiku bila karatasi yoyote. Baba anasema mtoto ana miaka 15, mama anasema 13. Muuguzi mwenye subira huuliza kwa njia nyingine. Mama, alikuwa tumboni au mgongoni waasi wa M23 walipoingia Goma Novemba 2012? Uchaguzi wa Novemba 2011, alikuwa anatembea? Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, meno ya mbele yalikuwa yameshang'oka? Dakika kumi za maswali hayo zinaweza kumwokoa mtoto wa miaka 12 asitibiwe ugonjwa ambao hana.

Umri ukishajulikana, swali linalofuata ni la baba, na wengi hawalipendi. Wewe ulianza kunyoa lini? Uliendelea kurefuka baada ya kumaliza sekondari? Mama naye aulizwe alivunja ungo akiwa na miaka mingapi. Kwa wavulana wengi wanaochelewa hakuna ugonjwa wowote: saa ya mwili wao imepangwa hivyo, na mara nyingi baba, mjomba au mama alichelewa vilevile. Kijana wa aina hii huwa mfupi kuliko wenzake lakini huendelea kurefuka karibu sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka, hana ugonjwa mwingine, na picha ya mifupa ya kiganja cha kushoto huonyesha mifupa ya mtoto mdogo kuliko umri wake. Maana ya picha hiyo ni kwamba bado ana miaka ya kurefuka mbele yake. Akifika 17 au 18 huwafikia wenzake. Baba aliyepitia hayo ana dawa ambayo daktari hana: amsimulie mwanawe, wakiwa wawili tu, jinsi alivyochekwa na jinsi ilivyokwisha.

Kuna kundi la pili, na kwa Kivu Kaskazini ndilo linaloniumiza zaidi: wavulana ambao ubongo wao uko sawa na korodani ziko sawa, ila mwili hauna cha kukulia. Utafiti uleule wa 2013–2014 ulikuta zaidi ya watoto wanne kati ya kumi nchini wamedumaa, na mkoa wetu ulikuwa juu ya wastani huo. Watoto wa wakati ule ndio vijana wa leo. Wengine wamelelewa katika kambi na nyumba za wenyeji, wakila bugali na sombe mara moja kwa siku. Wengine walifika Lubero na Butembo baada ya mji wa Kanyabayonga kutekwa mwishoni mwa Juni 2024. Kijana kama huyo anahitaji chakula kabla ya homoni: maharagi, ndagala, karanga, yai pale linapopatikana.

Hapa kuna kisa cha kweli kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 1958, mjini Shiraz nchini Iran, daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India, alionyeshwa kijana wa miaka 21 aliyefanana na mtoto wa miaka 10. Alikuwa na upungufu wa damu, alikula karibu mkate peke yake, na kila siku alikula udongo. Prasad alikuta wengine kama yeye, kisha akawachunguza vijana wa namna hiyo huko Misri. Walipungukiwa zinki: nafaka na udongo huing'ang'ania zinki tumboni isiingie kwenye damu. Waliopewa zinki walirefuka haraka na viungo vyao vya uzazi vikakomaa. Hadi hapo wataalamu hawakuamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa na madini hayo. Kwa hiyo kijana anayetafuna udongo wa sokoni aulizwe habari zake vizuri, wala mtu asimcheke.

Magonjwa sugu nayo hufanya kazi hiyohiyo. Kijana mwenye SS, yaani selimundu, mara nyingi huchelewa mwaka mmoja au miwili au zaidi, kwa sababu damu yake inayovunjika kila siku hutafuna nguvu ambazo zingemkuza. Wengi hubalehe hatimaye. Majaribio ya dawa ya haidroksiyurea yaliyofanyika Kinshasa chini ya Dk. Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, pamoja na Luanda, Kilifi na Mbale, yalionyesha kwamba watoto wa SS wanaotumia dawa hiyo hupata maumivu machache, malaria chache na vifo vichache. Mtoto aliyezaliwa na virusi vya Ukimwi bila kutibiwa mapema huchelewa pia, vilevile mwenye kifua kikuu cha muda mrefu au tezi ya shingo isiyofanya kazi. Ndiyo maana mvulana aliyechelewa hupimwa damu kwa magonjwa haya kabla ya kutajwa testosteroni.

Kundi la tatu ni dogo, lakini ndilo lisilopaswa kupotea. Kuna vijana ambao haipothalamasi haitaamka yenyewe. Baadhi yao hawana uwezo wa kunusa tangu kuzaliwa, kwa kuwa chembe za homoni na neva za harufu hutoka mahali pamoja mimba ikiwa changa. Swali rahisi ni kama anasikia harufu ya makayabo yakikaangwa au kahawa ikiungua. Kuna wenye kromosomu ya X iliyozidi, hali iliyoelezwa na Harry Klinefelter mwaka 1942 na inayompata mvulana mmoja kati ya mia sita hivi: warefu, miguu mirefu, korodani ndogo na ngumu, wakati mwingine matiti. Wengi wao balehe huanza kwa wakati kisha huishia njiani. Kuna walioumizwa na matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, na kuna ambao korodani hazikushuka tangu utotoni. Hili la mwisho linazuilika. Zamani Wanande waliwapeleka vijana pamoja kwenye jando la olusumba. Siku hizi wengi hutahiriwa wangali wadogo. Yeyote anayemtahiri mtoto apapase kama korodani zote mbili zipo, maana upasuaji wa kuzishusha hufaa ukifanywa mapema, ikiwezekana kabla ya mwaka mmoja na nusu. Na kijana akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, asingojee asubuhi. Inaweza kuwa imejisokota, na baada ya saa sita hivi uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka.

Maumivu ya kichwa pamoja na macho kufifia, kiu kali isiyoisha, au kimo kusimama kabisa ni mambo ya kumfikisha kwa daktari wiki hiyohiyo, kwa sababu huenda kuna uvimbe karibu na pituitari.

Sasa sindano. Testosteroni ilitambuliwa na kutengenezwa maabara mwaka 1935, na kwa kijana anayeteseka kwa kuchelewa ina nafasi yake. Daktari humpa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 50 kwa mwezi, miezi mitatu hadi sita, kisha huacha na kupima korodani. Zikiwa zimekua, ubongo umeshika kazi na sindano hazihitajiki tena. Mtu mzima hupewa miligramu 250. Mvulana akichomwa dozi hiyo ya watu wazima mara kwa mara, ndevu zitakuja, na sehemu laini za ncha za mifupa zitafunga mapema. Atakuwa na ndevu na atabaki mfupi maisha yake yote.

Vijana waliovuka miaka 20 wana kosa lao. Mtu anachoka, hana hamu, usiku halali kwa sababu ya milio ya risasi na fikra za ndugu aliowapoteza, halafu anaambiwa homoni zimeisha. Malaria, upungufu wa damu, huzuni na kukosa usingizi huleta uchovu huohuo. Testosteroni hupimwa asubuhi, kabla ya saa nne, na ikitoka chini hupimwa tena siku nyingine. LH na FSH ndizo zinazoonyesha kama kasoro iko kichwani au kwenye korodani. Wanaomeza tramadoli kila siku ili wastahimili kazi ya motari wajue kwamba dawa za jamii hiyo huinyamazisha LH. Na anayejidunga testosteroni ili ajenge misuli huzima korodani zake mwenyewe, mbegu zikapungua hadi kutoweka, na huenda zikachukua miezi mingi kurudi.

Nawaelewa wanaosita kwenda hospitali. Wakati wa Ebola ya 2018–2020, iliyoua watu 2,287, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Imani hairudi kwa tangazo la redio. Kwa hiyo kijana anayekuja kuonyesha sehemu zake za siri apewe chumba chenye mlango unaofungwa, aulizwe kama anataka baba abaki ndani, na asiitwe kadogo na yeyote aliyevaa koti jeupe.

Kwa yule ambaye korodani zake hazitafanya kazi zenyewe, matibabu ni ya maisha, na testosteroni itampa sauti, nguvu, mifupa imara na hamu. Mbegu haitampa. Penye kasoro ya kichwani, kuna sindano nyingine, za homoni zinazoziamsha korodani, ambazo zimewawezesha wengi kupata watoto. Kwa mwenye Klinefelter njia ni ngumu zaidi na huhitaji upasuaji wa hospitali kubwa za mbali. Ana haki ya kuelezwa hayo waziwazi angali kijana, kabla ya familia yake kuanza kutafuta mbuzi wa mahari, ili yeye na binti atakayemchumbia wajue wanachokubaliana.