Tausi: Jina la Ndege na Jina la Mtu

1.0 Tatizo

Huko Boko, katika Wilaya ya Kinondoni, kando ya barabara ya Bagamoyo baina ya Tegeta na Bunju, si ajabu kusikia mtoto wa kike akiitwa Tausi, au mzazi wake akiitwa Mama Tausi kwa ile desturi ya kumtaja mtu mzima kwa jina la mwanawe. Ndege mwenyewe, hata hivyo, hayumo katika mazingira hayo. Waliomo ni kunguru, njiwa na shomoro. Tausi wanaojulikana zaidi jijini Dar es Salaam ni wale wa Ikulu ya Magogoni, ambao walizungumzwa sana mwaka 2020, Rais John Magufuli alipowagawia marais wastaafu baadhi ya tausi wa Ikulu. Ni dhahiri basi kwamba wengi waitwao Tausi, na wengi waliowapa jina hilo, hawakuishi na ndege huyo hata siku moja.

Ukiulizwa maana ya jina hili, jibu jepesi ni kwamba Tausi ni “mwenye maringo”, kwa kuwa husemwa kuwa fulani anaringa kama tausi. Jibu hilo huwaudhi wenye jina, hasa wasichana wanaotaniwa shuleni, na makala haya yanadai kuwa wana haki ya kuudhika. Tashibiha imechukuliwa mahali pa jina.

2.0 Safari ya neno

Kiswahili kimelipata neno hili kutoka Kiarabu, tāwūs. Mabadiliko ya umbo lake hayana utata. Konsonanti ya mwisho imeongezewa irabu i, kama ilivyokuwa kwa qāmūs lililozaa kamusi na jāsūs lililozaa jasusi. Sauti w iliyotangulia u imedondoshwa, kama ilivyodondoshwa katika Dāwūd, ambalo kwa Waswahili ni Daudi. Hivyo mtu aitwaye Daudi na dada yake aitwaye Tausi wana majina yaliyopita katika mlango mmoja wa kifonolojia, ingawa hilo halisikiki tena masikioni mwa wazungumzaji.

Nyuma ya Kiarabu kuna Kiaramu na Kigiriki (taōs), na wanaisimu kadhaa wanalihusisha neno hilo na Kitamili, ambamo tokai hutaja mkia wa tausi. Rai hiyo inaafikiana na asili ya ndege mwenyewe, ambaye kwao ni Bara Hindi na Sri Lanka. India ilimfanya ndege wake wa taifa mwaka 1963. Afrika nayo ina tausi wake, aliyetambulishwa kwa wanasayansi na James Chapin mwaka 1936, lakini huyo ni wa misitu ya Kongo, mbali mno na mwambao asiweze kuwa chimbuko la neno la Waswahili.

Inafaa kumlinganisha tausi na kunguru mwenye shingo ya kijivu aliyezagaa Dar es Salaam yote, Boko ikiwamo. Yeye pia asili yake ni Bara Hindi, na aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Lakini alipofika alimkuta kunguru wa mwambao, mwenye kifua cheupe, akarithi jina lake. Tausi hakumkuta wa kufanana naye, akaingia katika lugha na jina lake la safarini. Wote wawili ni wageni wa pwani moja. Mmoja amekuwa jina la binti, na wa pili ndiye husemwa kuwa hafugiki.

3.0 Ndege dume, jina la kike

Mwenye mkia mrefu wa kupendeza, aufunguao kama kipepeo cha mkononi, ni tausi dume. Jike lake ni la rangi ya kahawia na halina mkia huo. Hata hivyo, katika Kiswahili jina ni la wanawake. Waarabu waliwapa wanaume pia: Tawus ibn Kaysan, mwanachuoni wa Yemen aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 8, anajulikana kwa jina hilo hadi leo. Lakini Waswahili hawako peke yao. Miongoni mwa Wakabyle wa Algeria jina hilo huwa la kike, na mwandishi na mwimbaji Taos Amrouche (1913–1976) ni mfano unaojulikana. Kwa hiyo haifai kusema kuwa Waswahili walikosea jinsia ya ndege. Nomino tausi katika Kiswahili haina jinsia mpaka iongezewe dume au jike, na mwenye kutoa jina hakuchukua jinsia ya ndege. Alichukua uzuri wake, mwendo wake wa taratibu, na kule kufugwa kwake penye heshima.

Hapa ndipo hoja ya maringo inapoanguka. Kasuku huitwa mtu akariripo maneno ya wengine, na chiriku huitwa mtu mwenye domo. Majina hayo hufuata tabia iliyokwisha kuonekana, na hakuna mzazi ambaye angemwandikisha mwanawe kwa nia hiyo. Tausi hupewa mtoto mchanga, ambaye hana mwendo wala maringo. Jina lililotangulia tabia haliwezi kuwa maelezo ya tabia. Ni sifa na matumaini ya watoa jina, na liko karibu zaidi na Njiwa, ambalo nalo huitwa wanawake, kuliko na kasuku. Kundi la taarabu la wanawake wa Unguja lililoanzishwa mwaka 2009 lilijichagulia jina la Tausi, na ni vigumu kudhani kuwa lilitaka kujikejeli.

Sarufi nayo imekwisha kuyatenga majina haya mawili, japo kimyakimya. Katika umoja, “tausi amekuja” na “Tausi amekuja” hutofautiana kwa herufi kubwa tu, ambayo sikio haliioni. Lakini anayesema “akina Tausi wamekuja” hawezi kufikiriwa kuwa anazungumzia ndege.