Maskara ya jina kubwa kwa bei ya chipsi? Macho hayana spea

Wewe unayesoma hii usiku ukiwa kitandani, simu mkononi, kidole tayari kwenye kitufe cha kununua, hebu ngoja kidogo. Hiyo paleti ya rangi 18 unayoikodolea macho, Sh850 pamoja na kope za bandia za bure, imeandikwa jina la kampuni ambayo haijawahi kuiuza kwa bei hiyo hata siku ya ofa. Mwenye ukurasa ameongeza "OG 100%" na vimoto vitatu. Ukimuuliza kama ni halisi atakujibu, "Orijino kabisa mrembo, hatuuzi feki." Kwani kuna mtu amewahi kukwambia anauza feki?

Niseme jambo moja mapema, kwa sababu makala nyingi za urembo huandikwa kana kwamba sote tunalipwa kwa dola. Mimi sina shida na bei rahisi. Wengi wetu tunanunua vipodozi kwa pesa iliyobaki baada ya kodi, nauli na bando. Shida yangu ni jina la kuibwa. Wanja wa Sh150 wenye jina la kampuni yake yenyewe, hata kama hujawahi kulisikia, una mtu wa kuulizwa ukikudhuru. Wanja wa Sh150 ulioandikwa MAC hauna mwenyewe. Aliyeutengeneza ameficha jina lake makusudi, na mtu wa namna hiyo hana sababu yoyote ya kuosha mashine, kupima rangi au kugharamia kiungo cha kuzuia bakteria. Kwa hivyo ukiwa na mia mbili tu, nunua kitu cha mia mbili kinachokiri kuwa ni cha mia mbili.

Na usidhani natishia watu bure. Mwaka wa 2018, ofisi ya Marekani inayokagua kazi za serikali, GAO, ilitoa ripoti ya jaribio rahisi sana. Wakaguzi walinunua bidhaa 47 kutoka kwa wauzaji binafsi kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Bidhaa 20 zilikuwa ghushi. Kati ya zile 47, 13 zilikuwa vipodozi vya Urban Decay, kampuni inayojulikana sana kwa paleti zake za macho. Zote 13 zilikuwa feki. Kilichonikaa kichwani ni kwamba wauzaji hao walikuwa na sifa nzuri kutoka kwa wateja, wastani wa zaidi ya asilimia 90. Nyota zilikuwepo, pongezi zilikuwepo, bidhaa halisi ndiyo haikuwepo.

Mwaka huohuo wa 2018, mwezi wa Aprili, polisi wa Los Angeles walivamia maduka ya mtaa wa Santee Alley na kunasa vipodozi ghushi vya thamani ya dola 700,000, vikiwa na majina kama Kylie na MAC. Vipimo vilikuta bakteria na kinyesi. Ndiyo, umesoma vizuri. Sasa fikiria hicho kitu kikipita milimita moja kutoka kwenye mboni ya jicho lako kila asubuhi kabla ya matatu.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Lipstiki feki ikikuchubua mdomo utapaka mafuta na wiki itapita. Lakini brashi ya maskara ikikwaruza jicho, hata mkwaruzo ambao huuoni kwenye kioo, bakteria waliomo ndani ya ile chupa wanapata mlango. Kidonda kikishika kwenye kioo cha jicho kinaweza kuacha kovu, na kovu likiwa katikati linabaki na wewe kila unapotazama. Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Nadhani walikuwa wanazungumzia kutoga masikio na nywele zilizosukwa zikavutika, si kupofuka.

Rafiki yangu mmoja wa Umoja aliagiza kope za bandia na gundi yake kwenye ukurasa fulani, akijiandaa kwa ruracio ya dadake. Asubuhi ya sherehe macho yalikuwa yamefura kama mandazi, akakaa ndani ya hema siku nzima na miwani ya jua. Tulimcheka sana baadaye. Daktari hakucheka, alitaka kuona kile kichupa cha gundi, na kichupa kilikuwa hakina orodha ya viungo, hakina mtengenezaji, kina picha ya jicho tu. Alipomtafuta muuzaji akakuta keshablokiwa. (Na tukiwa hapo kwenye gundi: ile ya kubandikia wigi ni ya wigi. Usiipeleke kwa kope eti kwa sababu zote ni nyeusi.)

Kabla hujamchunguza muuzaji, jichunguze wewe unataka nini, kwa sababu wanaonaswa haraka ni wale wanaonunua picha. Kama unaanza, vitu vitatu vinatosha: wanja wa penseli, maskara moja, na paleti ndogo ya rangi nne au tano unazozitumia kweli. Kwa ngozi zetu, shaba, dhahabu iliyokolea, kahawia ya chokoleti na zambarau ya damu ya mzee hukaa vizuri. Rangi hafifu za waridi zinazopendeza kwenye video ya mzungu mara nyingi hutufanya tuonekane kama tumetoka kufuta ubao wa darasa. Muombe muuzaji apake rangi kwenye mkono wa mtu mweusi, karibu na dirisha, mchana, akutumie video. Anayeuza kitu alichonacho dukani atafanya hivyo kwa dakika mbili. Asiyekuwa nacho ataanza kukupigia hadithi.

Ukikaa Mombasa au Kisumu unajua jasho lilivyo, tafuta maskara isiyoyeyuka kwa maji, lakini usilale nayo. Ukivaa lenzi, zivae kwanza ndipo ujipake, na uachane na vitu vya unga unaopukutika. Pambo la kumetameta nalo lina aina mbili: kuna linalotengenezwa kwa ajili ya ngozi na kuna la kadi za harusi na ufundi wa shule. Lile la pili lina ncha zinazoweza kukwaruza jicho, na huuzwa kwenye vikopo vinavyofanana kabisa na vya urembo. Kama hakijaandikwa kuwa ni cha macho, kisikaribie macho.

Wanja wa unga nao nauheshimu, hasa kwa wenzetu wa Pwani ambako umepakwa vizazi na vizazi. Lakini ule wa kichupa kisicho na lebo, uliotoka mbali na kupita mikono mitano, unaweza kuwa umesagwa kutoka kwa jiwe la galena, na galena ni madini ya risasi. Marekani hairuhusu wanja wa aina hiyo kabisa kwenye vipodozi. Mtu mzima anadhurika, mtoto mchanga anadhurika zaidi, kwa hivyo hata kama shangazi amesisitiza, macho ya mtoto yaache yalivyo.

Haya, tuje kwa muuzaji. Kwenye Instagram gusa jina la ukurasa, kisha "Kuhusu akaunti hii". Utaona ulifunguliwa lini na kama umewahi kubadilisha jina. Ukurasa wa vipodozi ambao miezi mitatu iliyopita ulikuwa unauza viatu au utabiri wa mechi, achana nao. Angalia kama maoni yamefungwa. Chukua picha ya bidhaa uiweke kwenye Google Lens. Kama picha ileile iko kwenye kurasa ishirini za nchi tofauti, muuzaji wako hajawahi kuishika hiyo bidhaa. Kisha nenda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe uone kama hiyo paleti ipo. Utashangaa ni ngapi zimeandikwa majina makubwa na kampuni haijawahi kuzitengeneza, eti "toleo maalumu".

Kwenye tovuti hizohizo kampuni nyingi hutaja maduka yaliyoidhinishwa. Fenty Beauty ya Rihanna, kwa mfano, iliingia rasmi Kenya mwaka wa 2022, kwa hivyo siku hizi anayekuambia kwamba lazima umtumie binamu yake aliye Dubai ndiyo uipate ana lake jambo. Tuna majina ya nyumbani pia, kama SuzieBeauty iliyoanzishwa na Suzie Wokabi na Pauline Cosmetics ya Nelly Tuikong, zilizoanza kwa kufikiria ngozi za hapa.

Sina digrii ya kemia, na hata ile nyingine niliiacha katikati, lakini kusoma lebo hakuhitaji joho la mahafali. Muombe muuzaji picha ya chini ya boksi na chini ya chupa. Nambari ya toleo iliyopigwa kwenye boksi inafaa ifanane na ile ya kwenye chupa. Tafuta kile kichoro cha kopo lililofunguliwa kifuniko, ndani yake kimeandikwa 6M au 12M: hiyo ni miezi ambayo kitu kinadumu baada ya kufunguliwa. Tafuta orodha ya viungo na anwani ya mtengenezaji. Makosa ya tahajia kwenye jina la kampuni, herufi zilizofifia, boksi jepesi kama la dawa ya mbu, hayo yote yanaongea. Na ukiambiwa "haina boksi kwa sababu ni ya majaribio ya dukani", jiulize ni duka gani hilo lenye maskara 200 za majaribio.

Bidhaa iliyotengenezwa hapa inafaa kuwa na alama ya ubora ya shirika la KEBS pamoja na nambari ya kibali chini yake. Usitosheke na kuiona, kwa sababu hata stika hughushiwa. Andika SM# ukifuatisha na hiyo nambari, utume kwa 20023, halafu ulinganishe jibu na unachokiona kwenye picha: kampuni ni ileile? Ni kipodozi kweli, ama ni kibali cha sabuni ya kufulia? Iliyotoka nje inafaa kuwa na stika ya KEBS ya bidhaa zilizoagizwa. Mzigo uliokuja kwenye sanduku la msafiri hautakuwa nayo. Huenda ni halisi, lakini hapo unamwamini mtu, kwa hivyo hakikisha unamjua.

Pesa nayo. Lipa ukiletewa, ikiwezekana. Kama ni lazima utangulize, lipa kwa Till yenye jina la biashara linalofanana na la ukurasa, si kwa nambari ya mtu ambaye jina lake linakuja lingine kabisa. Kutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kunasaidia uliyekosea nambari. Hakukuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeletewa feki. Kama uko Nairobi, muulize duka lake liko wapi umtume rafiki apitie. Wauzaji kadhaa wa mtandaoni huchukua mzigo wao Dubois Road, na hakuna ubaya wowote hapo. Ila Dubois pia kuna halisi na kuna kopi kwenye rafu moja, na bei tayari inakuambia ipi ni ipi ukikubali kuisikiliza.

Kifurushi kikifika, kifungue mbele ya mtu wa bodaboda, na urekodi video. Nusa. Harufu ya petroli au ya rangi ya ukuta, irudishe hapohapo. Paka kidogo ndani ya mkono, usubiri siku nzima kabla ya kupeleka machoni. Ukishaifungua maskara, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. Miezi mitatu ikiisha, itupe hata kama imebaki nusu. Usiilainishe kwa mate wala maji ikikauka, na usimpe rafiki, hata yule mnayelala chumba kimoja hosteli. Akikuita mchoyo, sawa tu.

Jicho likianza kuwasha au kuuma, toa kila kitu, osha kwa maji safi mengi. Usiende kununua matone yoyote unayopewa kwenye duka la dawa bila kupimwa, kwa sababu mengine yana steroidi na yanaweza kuharibu zaidi jicho lenye maambukizi. Ukiona ukungu, mwanga ukikuchoma, au maumivu yasipoisha, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na ubebe kile kipodozi mfukoni.

Hata ukiwa na hasira, usitupe boksi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa za kiwango kinachofaa na fidia ukidhurika, na sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ipo tangu 2008, na mamlaka yake, ACA, inapokea malalamishi. Watataka kuona bidhaa, boksi, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu. Piga skrinshoti kabla hujamtusi muuzaji, maana ukishamtusi atakubloki na ukurasa utapotea, kisha wiki ijayo utaibuka na jina jipya, vimoto vilevile vitatu.