Kibajuni cha Kismayu na Hesabu ya Marejeleo

Kazi ya mtafiti siku hizi hupimwa kwa idadi ya mara ambazo wanazuoni wengine wameitaja katika maandishi yao, na hesabu hiyo, ambayo mara nyingi huamua nani apandishwe cheo chuoni na nani apewe fedha za utafiti, haiwatendei haki wanaochunguza lugha za jamii ndogo kama Wabajuni, wenyeji wa pwani ya Kismayu, kusini mwa Somalia, na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula.

Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza itungwe faharasa ya marejeleo, yaani orodha inayoonyesha kila makala imetajwa na zipi zilizoifuata, na mwaka 1964 faharasa ya sayansi ikaanza kutolewa. Mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza mwaka 2005 kipimo cha h, kinachounganisha wingi wa machapisho na wingi wa marejeleo katika tarakimu moja: mtafiti mwenye machapisho 10 yaliyotajwa kila moja angalau mara 10, lakini asiye na 11 yaliyofikia mara 11, kipimo chake ni 10.

Tarakimu hiyo hutegemea sana ukubwa wa uwanja. Katika saikolojia ya utambuzi, taaluma inayochunguza jinsi akili inavyopokea, inavyokumbuka na inavyotumia habari, makala ya George Miller ya mwaka 1956 kuhusu kiasi ambacho mtu anaweza kukishika kwa mara moja katika kumbukumbu ya muda mfupi ni miongoni mwa zilizotajwa zaidi, kwa kuwa maelfu ya watafiti duniani hushughulikia kumbukumbu. Wanaoandika kuhusu Kibajuni, lahaja ya Kiswahili inayosemwa na Wabajuni, ni wachache mno, na anayewaandikia wachache hawezi kutajwa na wengi, hata kazi yake ikiwa bora namna gani. Lugha ya uandishi nayo ina taathira yake: kitabu kikubwa cha Vinigi Grottanelli kuhusu Wabajuni, kilichotolewa mwaka 1955, kiliandikwa kwa Kiitaliano, kwa hiyo wengi wa wale ambao kingewafaa, wakiwemo Wabajuni wenyewe, hawakuweza kukisoma.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Derek Nurse, mwanaisimu aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Memorial, Kanada. Kitabu alichokiandika pamoja na Thomas Spear mwaka 1985 kuhusu historia ya Waswahili, na kile cha mwaka 1993 alichoshirikiana na Thomas Hinnebusch kuhusu Kiswahili na lugha zilizo jamaa zake, hutajwa mara kwa mara na wanahistoria na wanaisimu. Maelezo yake ya Kibajuni, pamoja na msamiati alioukusanya, hayana wasomaji wengi kiasi hicho, ingawa ndiyo yanayogusa maisha ya watu kwa karibu zaidi.

Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Mombasa, na baadhi yao baadaye wakaomba hifadhi Uingereza, ambako maofisa walitaka kujua kama mwombaji ametoka kweli visiwani au ni mtu wa Kenya. Njia mojawapo ni kurekodi mazungumzo yake na kuyachambua, na hapo jambo dogo huwa na uzito mkubwa: mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina t, Kibajuni kina ch, hata mtu huitwa nchu, na kisiwa cha Chula katika baadhi ya ramani huandikwa Tula. Lakini alama hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka, na kijana aliyekulia ukimbizini Mombasa huchukua matamshi ya huko.

Mwaka 2004 wanaisimu 19 walitoa mwongozo wakisisitiza kwamba uchambuzi wa aina hiyo ufanywe na wataalamu wa lugha inayohusika. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya watu wawili waliosema ni Wasomali, iliamua kwamba uzito wa ripoti ya lugha upimwe katika kila kesi, na kwamba mchambuzi asitoe maoni yanayovuka mipaka ya utaalamu wake. Wakili anayetaka kuipinga ripoti ya namna hiyo, au hakimu anayetaka kuihakiki, huhitaji maelezo ya lahaja yaliyochapishwa na mtu aliyeichunguza, na matumizi hayo ya mahakamani hayahesabiwi katika kipimo cha h.