Jiko jipya, lakini si la chumbani

"Daktari, nimenunua jiko jipya, lile lenye udongo ndani. Sasa usiku naweza kuliingiza chumbani wanangu wapate joto?"

Aliyeniuliza ni mama anayeishi nje kidogo ya Dodoma mjini. Jiko lake la zamani lilipasuka udongo, akaamua kununua bora zaidi. Nilipomwambia hapana, alinuna kidogo. Ninamwelewa. Wageni hudhani Dodoma ni jua tu, lakini Juni na Julai usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, na upepo juu yake.

Jiko hilo ni zuri kwa kupikia. Udongo hutunza joto, hivyo mkaa unaotumika ni mchache. Kagua udongo usiwe na ufa, uwe umeshikamana na bati, na mlango wa hewa chini ufunguke na kufungwa vizuri. Ila mkaa ni mkaa. Hata usipotoa moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka. Ikiingia kwenye damu hunata kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Iwe ni tembe lenye dirisha dogo au nyumba ya vioo iliyozibwa nyufa kwa magunia, unapozuia baridi isiingie umezuia pia sumu isitoke.

Nilipokuwa daktari mchanga, asubuhi moja aliletwa mama na watoto wawili: kichwa kinauma, wanatapika, hawana homa. Tukapima malaria, hakuna. Kile kipimo cha kubana kidoleni kikaonyesha oksijeni asilimia 98, nikatulia. Nilikosea. Kipimo hicho hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kilichotuokoa ni maneno ya mama mwenyewe, kwamba baba aliyelala sebuleni hana tatizo lolote. Ndipo nikauliza kuhusu jiko. Tuliwapa oksijeni kwa barakoa kwa saa kadhaa, wakapona.

Kwa hiyo watu wa chumba kimoja wakiamka pamoja na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, na wakipata nafuu wanapotoka nje, fikiria jiko kabla ya malaria. Fungua milango, watoe wote nje, kisha nendeni hospitali na mumwambie daktari kwamba mlilala na mkaa. Msipoteze muda kunywesha watu maziwa, hayaondoi sumu hii. Mjamzito aende hata akijisikia vizuri, kwa sababu mtoto tumboni huathirika zaidi.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na wengi mmeanza kutumia gesi. Vizuri, ila jiko la gesi nalo ni la kupikia, si la kuotea chumbani. Kwa baridi yetu hii, mablanketi mawili, soksi, na nguo juu ya nguo kwa watoto vinatosha.

Yule mama alikuwa na swali la mwisho mlangoni: "Na likishazimika je?" Mkaa uliofunikwa na jivu jeupe mara nyingi bado ni mwekundu chini yake, na unaendelea kutoa sumu. Jiko lilale nje.