Kushindana, Kusaidiana, Kufichiana: Lugha ya Urafiki katika Timu za Michezo za Vyuo Vikuu nchini Uganda

1.0 Utangulizi

Timu ya chuo kikuu ni jamii ndogo yenye umri mfupi. Wachezaji wake hukutanishwa na mchezo, huishi pamoja kwa miaka mitatu au minne, kisha hutawanyika baada ya mahafali. Nchini Uganda, jamii hiyo huwakusanya wazungumzaji wa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole, Kiteso na lugha nyingine nyingi, pamoja na wanafunzi kutoka nchi jirani. Ligi ya soka ya vyuo vikuu, iliyoanza mwaka 2012, imezidisha mvuto wa timu hizo, kwa kuwa mechi huchezwa katika viwanja vya vyuo vyenyewe mbele ya wanafunzi. Hata hivyo, watazamaji huhesabu mabao tu. Makala hii inafafanua jambo lisiloonekana kwa urahisi, yaani namna wachezaji wanavyosaidiana, na nafasi ya lugha, hususani Kiswahili, katika kusaidiana huko. Hoja yake ni kwamba urafiki wa timu hauletwi na jezi. Hujengwa na matendo madogo ya kila siku, na mengi kati ya hayo ni matendo ya usemi.

2.0 Kiambishi Kimoja, Sura Tatu

Kauli ya kutendana katika Kiswahili hubebwa na kiambishi -an-. Kiambishi hicho hakibagui wema na ubaya. Huonyesha tu kwamba tendo linakwenda na kurudi baina ya watu. Kwa sababu hiyo, kinafaa kueleza sura tatu za uhusiano wa wachezaji.

Sura ya kwanza ni kushindana. Wachezaji wa timu moja hushindana wao kwa wao kabla ya kushindana na wapinzani. Timu ina makipa wawili au watatu, lakini anayesimama langoni ni mmoja. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa ufadhili wa michezo, nafasi hiyo ni zaidi ya heshima, kwa maana ndiyo inayomlipia karo.

Sura ya pili ni kusaidiana. Kabla ya mechi, kwa kawaida kipa wa akiba ndiye anayempigia mipira kipa wa kwanza ili kumpasha mwili moto. Humwandaa mtu yuleyule aliyemzidi katika kuwania nafasi. Nje ya uwanja, msaada huchukua umbo la daftari la mhadhara uliokosekana kwa sababu ya safari, sahani ya chakula, au kusindikizana hospitalini. Methali isemayo "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" hupata maana yake kamili hapa, kwa kuwa dhiki ya mchezaji huja ghafla na mbele ya umati.

Sura ya tatu ni kufichiana, nayo ndiyo isiyozungumzwa sana. Katika raga, mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo hutakiwa kuondolewa uwanjani mara moja, na katika ngazi isiyo ya kulipwa hatakiwi kurejea siku hiyo. Huenda refa asione dalili. Mwenzake waliyeshikana naye begani katika skramu ndiye anayetambua kwamba amesahau mpango waliopanga dakika mbili zilizopita. Akinyamaza ili rafiki yake asipoteze nafasi, atakuwa ametenda tendo la urafiki kwa sura, lakini la hatari kwa matokeo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na anayemsaidia kuyaficha hushiriki katika kilio hicho.

3.0 Maneno ya Kufarijiana

Lugha za eneo hili zina hazina kubwa ya maneno mafupi ya kujali. Kiganda husema "gyebale" kwa mtu aliye kazini au aliyetoka kazini. Kinyarwanda husema "komera" na "ihangane" kumtia mtu nguvu na subira. Kiswahili husema "pole". Neno hili haliungami kosa, kwani asemaye hakumwumiza aliyeumia. Linatangaza kwamba maumivu ya mmoja yamemfikia mwingine. Ndiyo maana mwenyeji wa Kiswahili anaweza kulijibu kwa kusema "nimeshapoa", kana kwamba neno lenyewe limepoza joto la jeraha. Hata Kiingereza cha Uganda kimelipa neno "sorry" kazi hiyohiyo, dalili kwamba wasemaji walihitaji tendo hilo katika kila lugha waliyoitumia.

Neno "mwenzangu" nalo lina uzito wake. Tofauti na "rafiki", ambalo huweza kusimama peke yake, neno hili limeungana na kimilikishi hata hakitengeki. Anayeitwa hivyo hutambuliwa kwa uhusiano wake na anayemwita.

4.0 Kutoka Lugha ya Amri

Suala hili lina umuhimu wa kisera. Kwa Waganda wengi, Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri hizo zinaweza kuingiza lugha darasani, lakini haziwezi peke yake kuifanya ipendwe. Kijana aliyeisikia lugha kwanza kama sauti ya kufokewa huhitaji kuisikia tena kama sauti ya kuliwazwa. Timu yenye wachezaji wa lugha mbalimbali ni mojawapo ya mahali panapofaa kwa mabadiliko hayo, kwa sababu mahitaji ya kuelewana ni ya kweli na ya papo hapo.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Imebainika kwamba urafiki wa wachezaji si wema tupu. Kiambishi kilekile kinachounda kusaidiana huunda pia kufichiana. Inapendekezwa, kwanza, kwamba walimu wa Kiswahili vyuoni watumie mazungumzo ya michezo kufundishia matendo ya usemi ya kufariji, kuonya na kutoa taarifa. Pili, manahodha wafunzwe kuripoti majeraha ya wenzao, na tendo hilo litambuliwe kuwa uaminifu badala ya usaliti. Tatu, ufadhili wa michezo usisitishwe kwa sababu ya jeraha. Maadamu ukweli unaweza kumgharimu mchezaji karo, rafiki yake ataendelea kulazimika kuchagua kati ya masomo ya mwenzake na uhai wake.