Je, Wajua? Kompyuta Hujitaja Yenyewe

Mhasibu anataka orodha ya mali: kompyuta za mezani ngapi, za mpakato ngapi, seva ngapi? Je, wajua kwamba jibu mara nyingi limeshaandikwa ndani ya mashine zenyewe?

• Kwenye chipu ya ubao mama, mtengenezaji huandika jina la kampuni, modeli, namba ya utambulisho na aina ya kasha. Utaratibu huo huitwa SMBIOS, nao husimamiwa na shirika la DMTF.

• Aina ya kasha huwekwa kwa namba. 3 ni ya mezani, 13 ni ile iliyounganishwa na skrini yake, 23 ni ya kufungwa kwenye raki, 30 ni tableti. Namba 5 imetengwa kwa kasha bapa liitwalo “sanduku la piza”!

• Kompyuta ya mpakato huweza kujitaja kwa 8, 9, 10 au 14, kutegemea mtengenezaji. Anayetafuta 9 pekee ataacha nyingine nje ya hesabu.

• Kwenye Linux, namba hiyo husomwa katika faili /sys/class/dmi/id/chassis_type. Kwenye Windows hupatikana kupitia Win32_SystemEnclosure. Msimamizi wa mtandao anaweza kuzikusanya zote bila kuinuka kitini.

• Kompyuta pepe nazo hujitaja. Iliyoundwa kwa programu ya VirtualBox husema imetengenezwa na innotek GmbH, kampuni ya Ujerumani iliyonunuliwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2008. Usipoichuja, utaingiza kwenye daftari la mali mashine isiyoshikika.

• Kompyuta za Dell hubeba utambulisho wenye jumla ya herufi na tarakimu 7, pamoja na namba ndefu ya tarakimu tupu. Hizo si namba mbili: ya pili ni ile ile ya kwanza, iliyogeuzwa kutoka hesabu ya kizio 36 (tarakimu 10 na herufi 26) kwenda kizio 10.

• Kompyuta zilizounganishwa na mafundi kwa vipuri mara nyingi hutoa maneno ya Kiingereza yanayomaanisha “yajazwe na mtengenezaji”. Hakuna aliyeyajaza.

• Ubao mama ukibadilishwa, namba ya zamani huondoka nao, mpya huweza kuwa tupu, na kompyuta ile ile ikahesabika kama ngeni. Ndiyo maana mkaguzi makini hulinganisha kinachosemwa na mashine na kibandiko kilicho kwenye kasha.